Wasifu wa Babu Mkatoliki: Anzeni na Misale Yake

Kabla hamjaandika neno la kwanza la historia ya marehemu, itafuteni misale yake, yaani kitabu chake cha sala za misa, muiweke mezani, muifungue taratibu. Msiikung'ute. Misale ya mzee aliyeitumia miaka thelathini huwa nene kuliko ilivyotoka dukani, na vilivyobanwa ndani yake vimepangwa na mkono wake mwenyewe. Mtakuta kadi za upadrisho zenye tarehe ya misa ya kwanza ya padre fulani, ratiba za mazishi ya rafiki zake, picha ya Mtakatifu Antoni iliyofifia, kikaratasi cha nia ya misa aliyomwombea mama yake mzazi, pengine na kipande cha mtende kilichokauka tangu Jumapili ya Matawi ya mwaka asioujua mtu. Ukurasa ulioingia weusi wa vidole pembeni ndio wenye sala aliyoirudia kuliko zote. Pigeni picha kila ukurasa wenye kitu, kitu kikiwa palepale alipokiweka, ndipo mkitoe na kukigeuza. Wazee wengi wa kizazi kile waliandika nyuma ya picha tarehe za ubatizo wa watoto, za vifo, za jubilei.

Tunaanza hapa kwa sababu historia zinazosomwa misibani zimefanana mno. "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu na mchapakazi. Ameacha mjane, watoto saba na wajukuu ishirini na wawili." Ondoa jina, weka la mzee wa kijiji cha pili, hakuna atakayeshtuka. Waliomjua hawamkumbuki hivyo. Wanamkumbuka kwa benchi la tatu upande wa sanamu ya Bikira Maria, kwa kofia aliyoivua akipita mbele ya kanisa hata akiwa juu ya baiskeli, kwa kikohozi chake kabla ya kuanzisha Litania. Ucha Mungu wa mzee una saa zake, una siku zake, una mahali pake pa kukaa, na anayeandika inampasa avifuate huko vilipo.

Ukitoka kwenye misale, nenda ofisi ya parokia. Kanuni ya 535 ya Sheria ya Kanisa inataka kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu, na kile cha ubatizo ndicho kinachobeba mengi. Humo mna tarehe ya kubatizwa na mahali, majina ya wazazi, jina la msimamizi, jina la aliyembatiza. Pembeni huongezwa Kipaimara na ndoa, hata kama vilifanyika mbali, kwa kuwa parokia iliyofungisha ndoa inapaswa kupeleka taarifa kule mtu alikobatizwa. Mstari mmoja ukisomwa vizuri hutoa sakramenti tatu za maisha yake.

Kinachowakwamisha wengi ni kwenda parokia isiyo yake. Babu alibatizwa kigangoni, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Kigango kile leo ni parokia kamili yenye paroko na jengo jipya, na familia inakwenda hapo. Katibu anafungua vitabu, vya miaka ile havimo, familia inaondoka ikiamini kumbukumbu zimepotea. Hazikupotea. Zimebaki kwenye parokia mama iliyokuwa inahudumia kigango siku ile. Majimbo nayo yamegawanyika: Bunda lilianzishwa mwaka 2010, Ifakara mwaka 2012 kutoka Mahenge, na mtu aliyezaliwa kabla ya hapo hapaswi kutafutwa kwa mipaka ya leo. Waulizeni wazee swali moja tu: padre aliyekuja kutusomea misa wakati ule alitoka misioni gani? Jibu lao ndilo litakalowaonyesha kitabu kilipo.

Kikishapatikana, kazi inayofuata ni kukisoma. Wamisionari wa zamani waliandika Kilatini. Petro yumo kama Petrus, Yohane kama Joannes, Yakobo kama Jacobus, na mwisho wa jina hubadilika kulingana na nafasi yake, hivyo baba aitwaye Paulus, akitajwa kwamba ni "mwana wa Paulo", anaandikwa Pauli. Msidhani ni watu wawili. Miezi ina mtego wake: 7bris ni Septemba, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, kwa sababu namba hizo zinafuata maana ya majina ya Kilatini, wala si mpangilio wa miezi tunaouhesabu sisi. Zipo familia zilizochonga Agosti kwenye msalaba kwa mtu wa Oktoba. Namba 1 iliyoandikwa na Mzungu ina mkia mrefu na huonekana kama saba, ilhali saba yake imekatwa kistari katikati. Majina ya ukoo yaliandikwa kwa sikio la mgeni: Mfaransa akaweka "ou" aliposikia "u", Mjerumani akaandika "dsch" aliposikia "j", ndiyo maana Ujiji katika maandishi yao ya zamani ni Udschidschi. Lisomeni jina kwa sauti, mara nyingi sikio litalitambua kabla ya jicho.

Mwaka wa kuzaliwa ni jambo jingine. Kwa aliyebatizwa mtu mzima, mwaka huo mara nyingi ulikadiriwa na padre kwa kumtazama usoni. Mkikuta neno "circa" au herufi "c." mbele ya mwaka, jueni ni makisio, nanyi semeni "alizaliwa mnamo". Na mkikuta "in periculo mortis", mzee huyo alibatizwa akiwa mahututi. Hiyo ni habari nzito ambayo watoto wake pengine hawakuwahi kuisikia, na inaweza kueleza kwa nini maisha yake yote hakukosa misa.

Safari yake ya imani nayo haikuanza siku ya maji. Mapadre Weupe, shirika la wamisionari, kwa agizo la mwanzilishi wao Kardinali Lavigerie, walimfundisha mtu mzima miaka minne kabla ya kumbatiza. Aliyebatizwa mwaka 1950 kwenye misioni yao, hesabuni kurudi nyuma hadi 1946, mjiulize alikuwa anatembea kilomita ngapi kwenda kwenye mafundisho. Ubatizo wa watu wazima nao ulifanywa zaidi karibu na sikukuu kubwa. Mwalimu Julius Nyerere, baba wa familia, mume wa Mama Maria, ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulimpa jina la Mtumishi wa Mungu mwaka 2005, alibatizwa Nyegina, Musoma, tarehe 23 Desemba 1943 akiwa na miaka 21. Kwa hiyo mzee akisimuliwa kuwa "alibatizwa Noeli", msiishie kuangalia tarehe 25. Pandeni juu kurasa kadhaa.

Vitabu vikishindikana kabisa, kwa moto au kwa mchwa, watumieni watu wa kanisa kama kalenda. Mzee wa Kagera aliyekuwa akisema alipewa Kipaimara na Askofu Rugambwa "kabla hajawa Kardinali" alikuwa anawapa tarehe: Rugambwa aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1952, akawa Kardinali Machi 1960. Aliyesimulia kwamba alimwona Papa Yohane Paulo II kwa macho yake hapa Tanzania, ilikuwa kati ya tarehe 1 na 5 Septemba 1990. Azimio la Arusha, kuhamia vijijini, vita vya Kagera, vyote hivyo ni vigingi vya kufungia kumbukumbu.

Sasa tuje kwenye mazoea yake, maana hapa ndipo mzee anapoonekana.

Chukua jambo la chai. Wajukuu wengi wanakumbuka kwamba babu hakugusa chai kabla ya misa, hata misa ikiwa saa nne na jua limewaka, na wengine walimwona mkali bure. Sababu ipo. Alipokuwa kijana, aliyetaka Komunyo alifunga tangu usiku wa manane. Mwaka 1953 maji yaliruhusiwa, mwaka 1957 mfungo ukawa wa muda wa saa tatu kabla ya Komunyo, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaushusha hadi muda wa saa moja. Kanisa lilipunguza, yeye hakupunguza. Sentensi hiyo moja, "aliendelea na mfungo wa ujana wake mpaka uzee", inamweleza kuliko "mcha Mungu" mara kumi. Vivyo hivyo Kwaresima: sheria ya kufunga inamwachilia mtu akishatimiza miaka 59. Kama mzee wa miaka themanini alikuwa bado anakula mlo mmoja Ijumaa Kuu, lisemeni, na mseme kwamba hakulazimishwa na mtu.

Au chukua Malaika wa Bwana, sala ya saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni. Alikuwa wapi kengele ya saa sita ilipolia? Shambani? Aliegemea jembe, au aliliweka chini? Alivua kofia? Aliwasubiri vibarua, au alisali peke yake wao wakiendelea? Waulizeni waliolima naye. Mkiuliza "alikuwa mtu wa namna gani?" mtajibiwa "alikuwa mtu mzuri sana", na mazungumzo yamekwisha. Ulizeni alifanya nini, saa ngapi, akiwa na nani, akasema maneno gani. Wa kuulizwa ni katekista, mwenyekiti wa jumuiya, watoto wake wa ubatizo, mke wa mwanawe aliyempikia, na zaidi ya wote mjukuu aliyelala chumba kimoja naye. Huyo ndiye anayejua kama babu aliamka usiku kusali, na alimtaja nani.

Kilatini msikisahau. Aliyekua kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, alihudumia altareni kwa maneno aliyoyakariri bila kuyasoma popote, na wengi wao waliweza kuimba Kyrie na Credo mpaka siku za mwisho. Kama kuna rekodi kwenye simu ya mtu, hata ya nusu dakika, ihifadhini sehemu mbili tofauti leo, kabla simu haijaibiwa au kuharibika.

Vyeo vya kanisani viandikwe kwa miaka na kwa kazi. "Alikuwa mzee wa kanisa" haitoshi. Alikuwa mwenyekiti wa kigango tangu lini hadi lini, na katika miaka hiyo kulijengwa nini, nani alifyatua matofali? Jumuiya ndogo ndogo zilishika kasi baada ya maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kuzipa kipaumbele katika mikutano yao ya 1973 na 1976. Mzee aliyeanzisha jumuiya kwenye kibaraza chake miaka ile alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, na hilo ni la kutajwa. Angalizo kwa wenye ndugu Kenya: mkiandika kwamba alikuwa Legio Maria, Tanzania mtaeleweka kuwa ni chama cha kitume, lakini Kenya jina hilo ni la kanisa jingine lililojitenga miaka ya sitini. Andikeni "chama cha Legio ya Maria, parokia fulani" ili asihamishwe dhehebu baada ya kufa.

Kuna mahali ambapo familia huchepuka. Ndoa ya babu ilibarikiwa akiwa na watoto watano tayari. Au alikaa miaka tisa bila Komunyo. Au yupo mtoto wa nje aliyelelewa kwingine. Wengi hufuta. Sisi tunaona kufuta kunamdhulumu, kwa sababu siku aliyorudi ndiyo iliyokuwa kubwa kwake. Mtu aliyekaa miaka tisa benchi la nyuma, akatengeneza ndoa yake, akapanga foleni ya Komunyo mbele ya kijiji kizima, alifanya jambo gumu kuliko yule asiyewahi kuanguka. Si lazima lisomwe kwa kipaza sauti. Mtoto wa nje, hata hivyo, atajwe pamoja na wenzake kwa jina, na azungumzwe naye kabla ya siku ya mazishi. Mambo haya yakiachwa hadi dakika ya mwisho hulipuka kaburini, mbele ya jeneza.

Kwa hiyo andikeni matoleo mawili. Moja la familia, refu mpendavyo, lenye yote. Jingine la kusomwa, lisizidi maneno mia nne. Kiswahili kikisomwa kwa utulivu ni kama maneno mia moja kwa dakika, na dakika nne zinatosha. Mwongozo wa Misale ya Roma, namba 382, unataka homilia, yaani mahubiri, ya mazishi iwe fupi na isigeuke kuwa hotuba ya sifa. Kwa hiyo historia ina nafasi yake: nyumbani, au kabla misa haijaanza, au baada ya Komunyo kabla ya buriani ya mwisho, kadiri paroko atakavyoelekeza. Muulizeni jana yake, msimvizie sakristia. Kinachomaliza dakika ni orodha ya majina ya wajukuu wote pamoja na shule wanazosoma. Orodha hiyo ichapwe kwenye ratiba. Asomaye awe mtu mwenye sauti, si lazima mtoto wa kwanza, na nakala ya pili iwe mfukoni mwa mwingine iwapo machozi yatamshinda.

Tunaomba pia muepuke sentensi mbili. Ya kwanza ni "mbingu imepata malaika". Binadamu hageuki malaika. Babu alikuwa mtu, na Kanisa linasubiri ufufuko wa mwili wake huohuo uliolima. Ya pili ni "tunajua yuko mbinguni tayari". Inasemwa kwa upendo, lakini inamnyima alichokihitaji na alichowafanyia wengine maisha yake yote, yaani kuombewa. Kile kikaratasi cha nia ya misa kilichokutwa kwenye misale yake kinaonyesha alivyoamini mwenyewe.

Kuhusu misa hizo. Sadaka ya misa hupangwa kiwango na maaskofu, na asiye nacho asiache kwenda, kwani Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre kuwaombea wahitaji hata bila sadaka. Jina la babu likisomwa pamoja na mengine ishirini, hiyo ni misa ya nia za pamoja. Kwa agizo la mwaka 1991, misa za namna hiyo hazikuruhusiwa zaidi ya siku mbili kwa juma mahali pamoja, hadi kanuni mpya zilipotoka mwaka 2025; lakini bado ni lazima watoaji wawe wamekubali. Mkitaka misa kwa ajili yake peke yake, semeni wazi mnapotoa. Zipo pia misa za Gregori, thelathini mfululizo bila kuruka siku, na si kila padre wa parokia anaweza kuzibeba. Ni rahisi zaidi kuziomba kwenye nyumba ya watawa yenye mapadre kadhaa.

Misa ya mwaka wa kwanza huleta mkanganyiko wa tarehe. Misa ya marehemu yenye sala zake yenyewe inaweza kuadhimishwa siku nyingi za kawaida, lakini si Jumatano ya Majivu, si Juma Kuu, si oktava ya Pasaka, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, si Dominika wala sherehe. Mzee aliyefariki Aprili, kumbukumbu yake inaweza kuangukia hapohapo. Padre anaweza kubeba nia yake Jumapili, ila rangi, sala na masomo yatakuwa ya Jumapili. Familia ambayo imeshawaita watu kutoka mikoa mitatu huona imekataliwa, kumbe ilikuwa ya kutazama kalenda ya liturujia miezi miwili kabla, kabla ya kukodi maturubai.

Siku hiyo ndiyo wengi huweka msalaba wa kudumu. Kaburi lisijengewe kabla masika moja kamili haijapita juu yake. Udongo uliofukuliwa huendelea kushuka, na saruji iliyowahi hupasuka katikati. Maandishi ya msalaba yaandikwe kwanza kwenye karatasi, wasome watu wawili wakiwa na cheti cha ubatizo mkononi, ndipo fundi apewe.

Rozari iamuliwe mapema. Mzee huwa nazo kadhaa: ya plastiki inayong'aa usiku, ya zawadi kutoka hija, na ile moja aliyoitumia. Ya kutumika utaijua. Punje zake hamsini na tisa hazing'ai sawa, medali ya katikati imelainika hadi sura ya Mama haionekani, na mnyororo umefungwa kwa waya wa shaba mahali ulipokatika. Hiyo msimzungushie mikononi ndani ya jeneza kwa haraka ya asubuhi, kwani mtaijutia. Zikwe nyingine. Na msibadilishe waya wake kwa mnyororo mpya, maana ule waya aliukaza yeye kwa koleo. Abaki nayo mtu atakayeisali, hata kama ni mjukuu wa mwisho. Vilivyochakaa kabisa, kama picha zilizooza au skapulari iliyokatika, yaani vitambaa vitakatifu vya kuvaa shingoni, vichomwe au vifukiwe, visitupwe na takataka.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu ya dhambi zilizokwisha kusamehewa, moja kwa siku, akiungama, akikomunika, akisali kwa nia za Baba Mtakatifu na akiwa ameachana na kila dhambi. Ungamo moja linatosha kwa siku zote nane, Komunyo ni ya kila siku. Wapelekeni wajukuu. Mtaona wanapoanzisha sala wanasema kama walivyozoea kuisikia kanisani: raha ya milele uwape ee Bwana. Mkubwa mmoja atawarekebisha, kwa kuwa kaburi ni la mtu mmoja: umpe, umwangazie, apumzike kwa amani. Wataisema hivyo mara tatu. Kisha watasogea hatua mbili, kwenye kaburi la bibi, na hapo katikati ya wawili hao watarudi kwenye "uwape", safari hii wakijua wanawataja kina nani.